Kwa mdogo wangu anayeanza kazi kiwandani Jumatatu

Mdogo wangu, hongera sana. Umesema umemaliza uhandisi wa mitambo, umeitwa na kiwanda kikubwa hapa Industrial Area, na unauliza usome nini wikendi hii kwa sababu hujawahi kuona mashine hata moja ya huko. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya Nairobi miaka 11, kwanza Enterprise Road, kisha Baba Dogo. Wikendi hii pumzika. Nunua daftari gumu linaloingia mfukoni na kalamu mbili. Unachotafuta hakimo vitabuni, kimo vichwani mwa maopareta utakaowakuta.

Nilipoanza, nilipangiwa upande wa kupakia. Kulikuwa na mashine ya kufunga maboksi iliyokwama karibu kila jioni. Vikono vyake vinavyosukumwa na hewa vinalegea, boksi linapita wazi, laini nzima inasimama. Nilihangaika nayo siku nne. Nilifungua vali, nikabadilisha sili za silinda, nikaandika ripoti ndefu ya kuagiza vali mpya kutoka nje. Siku ya tano, mama aliyekuwa akiiendesha, ambaye siku zote nilimsalimia na kupita, akaniuliza, "Injinia, wale wanaopuliza vumbi umewaangalia?"

Sikuwa nimewaangalia. Akanionyesha. Kila jioni kabla ya shifti kubadilishana, wasafishaji wa laini ya jirani walichukua mipira ya kupitisha hewa ya kompresa (mashine inayobana hewa na kuisambaza kiwandani), mitatu kwa mpigo, wakawa wanapuliza vumbi kwenye mikanda. Nikasimama mbele ya geji ya presha. Ilisoma bar 7 (bar ni kipimo cha presha), na mipira ilipofunguliwa ikashuka hadi chini ya 5, ndiyo maana vikono vililegea. Mama yule alikuwa akijua hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hata hivyo swali moja lilibaki: kwa nini hewa haikutosha? Kompresa ilikuwa kubwa, na kwa karatasi ilitosha wote na hewa ikabaki. Nilipopiga hesabu upya nikagundua kwamba aliyeichagua alitumia hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 83 ya lile la Mombasa. Kompresa huvuta ujazo uleule, ila hewa inayoingia imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya sita. Akiba iliyoandikwa kwenye karatasi haikuwepo. Mama alijua mashine inachoka saa ngapi na kwa sababu ya nani, mimi nilikuwa na hesabu ya kueleza kwa nini. Tulihitajiana, na mimi ndiye niliyechelewa kumwendea.

Liweke hili la mwinuko akilini, kwa sababu utalikuta kila kona. Mota nyingi hupimwa uwezo wake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Juu ya hapo hewa nyepesi haizipozi vizuri. Jenereta ya dizeli nayo hupungukiwa na nguvu. Maji huchemka karibu nyuzi 95, hivyo maji ya moto hugeuka viputo vya mvuke ndani ya pampu inayoyavuta, nayo huanza kulia kana kwamba inasaga kokoto, na ukikimbilia kubadilisha beringi utabadilisha mpaka uchoke.

Vali hatukuagiza. Wasafishaji walipewa brashi na mashine ya kunyonya vumbi, na katika ripoti ya pili niliandika aliyegundua tatizo ni nani.

Sasa, namna ya kuuliza. Fika robo saa kabla ya shifti, usalimie watu vizuri, wazee kwa heshima yao, kisha simama kando ya mashine bila kugusa kitu. Ukimuuliza opareta "ina shida gani?" atakujibu "hakuna shida", kwa sababu wengi wao wamewahi kulaumiwa kwa kusema. Muulize, "Ikikaribia kuharibika, wewe unajuaje?" Hapo atakueleza mlio, harufu, mtetemo, hata saa. Andika kwa maneno yake mwenyewe. Ukiahidi kumletea jibu, mletee, hata kama jibu ni kwamba bajeti haipo.

Jambo la pili ni mikono yako, na hapa naomba unisikilize sana. Wiki yangu ya tatu niliona boksi limebanwa kwenye konveya, na mkanda umesimama. Nikanyoosha mkono nilitoe. Fundi mmoja mzee akanishika kiwiko na kunivuta kwa nguvu. Mkanda haukuwa umezimwa. Jicho la mashine, yaani kihisi kinachoona boksi likipita, lilikuwa limezibwa na lile boksi, likasubiri. Ningelitoa, jicho lingefunguka na rola zingezunguka mkono wangu ukiwa ndani. Mashine iliyosimama na mashine iliyokatwa umeme ni vitu viwili tofauti. Kata swichi kuu, toa hewa iliyobaki kwenye silinda, weka kufuli lako, ufunguo uwe mfukoni mwako, halafu jaribu kuiwasha uhakikishe haiwaki. Ndipo uingize mkono. Msimamizi akikuharakisha, mwambie kwa adabu kwamba bado hujafunga.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Uliza wajumbe wake ni nani. Vaa vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza. Kanuni zetu za kelele zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku, na masikio yakishaharibika hayarudi.

Kuhusu usajili: jiandikishe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhandisi mhitimu mapema, kwa maana Sheria ya Wahandisi ya 2011 inadai angalau miaka 3 ya kazi kabla ya kuwa mhandisi kamili. Uliza kama kuna mhandisi aliyesajiliwa humo atakayekusimamia. Lile daftari litakusaidia hapo pia, hasa ukiandika tarehe.

Asubuhi ukishuka matatu utakuta foleni ya vibarua getini, wengi wametembea kutoka Mukuru tangu giza. Wasalimie. Baadhi yao wamekaa kando ya mashine zako muda mrefu kuliko meneja wako.

Ukishajua idara uliyopangiwa, niandikie hapa. Ikiwa ni boila, nina mengine ya kukueleza kabla hujaingia chumba kile.