Kwa washauri nasaha wapya mnaokwenda Gereza la Wanawake la Lang'ata

Ukikaa na mama mara ya kwanza, fomu ya maswali iweke kando. Muulize watoto wako wapi, nani anawalea, karo inalipwa na nani. Sheria inamruhusu kukaa na mtoto gerezani mpaka afikishe miaka 4, kisha mtoto hutoka abaki yeye. Ukifuatilia kisa cha mtu asiyelala usiku, mara nyingi utafika kwa mtoto. Waliotoka kaunti za mbali wana shida zaidi, maana nauli ya kuja Nairobi inawashinda ndugu, na mama hukaa miezi bila habari za nyumbani.

Mwombe afande akae pale anapowaona lakini hawasikii. Wengi hukubali ukiwaomba kwa heshima kabla ya kikao, si katikati yake.

Mama hatakwambia ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Atasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, ana mawazo mengi. Yaandike maneno hayo kama alivyoyasema, halafu muulize yalianza lini. Muulize pia waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Wengine hunyamaza wakiogopa kuongezewa kesi, kwa hiyo mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Utakutana na aliyeshtakiwa kwa kifo cha mtoto wake mchanga. Huyo nakuomba sana usimkalie kama hakimu. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kwamba akili ya mama inaweza kuyumba kwa sababu ya uzazi, mtoto akiwa hajatimiza miezi 12. Akiwa mahabusu bado, akikubali, mweleze wakili wake uliyoyaona. Dalili za baada ya kujifungua zisipofika mahakamani mapema, anaumia bure.

Dawa nazo hupotelea njiani mtu anapohamishwa gereza au kuachiliwa. Aliyeanzishiwa dawa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, asizikatize ghafla. Siku chache kabla hajatoka, mwombe muuguzi amwandikie jina la dawa, kipimo na tarehe ya kliniki, tena kliniki iliyo karibu na kwao. Kama hajui kusoma, mweleze taratibu, na akiridhia mweleze pia ndugu anayekuja kumchukua.