Chora Kwenye Bafa Kwanza, Ndipo Upeleke Kwenye Skrini

Ukichora moja kwa moja kwenye memori ya video katika hali ya VGA 13h (hali ya michoro ya kadi za VGA kwenye DOS), picha itapepesa. Unafuta umbo la zamani, unachora jipya, na katikati ya hapo kadi tayari imeshaipelekea monita mahali patupu. Dawa ni kuchora fremu nzima pembeni, kwenye memori ya kawaida (hiyo ndiyo bafa), kisha kuinakili yote kwa mkupuo mmoja.

Skrini ya pikseli 320 kwa 200, baiti moja kila pikseli, inahitaji baiti 64,000. Hapo ndipo Turbo C, kompaila ya lugha ya C ya DOS, inapowasumbua wengi. Katika modeli ndogo ya memori, data, staki na hipu (memori ambayo programu huiomba ikiwa inaendeshwa) vinagawana KB 64, kwa hiyo `malloc(64000u)` hurudisha NULL, yaani memori haikupatikana. Tumia `farmalloc` iliyomo kwenye `alloc.h`, ambayo huchukua memori nje ya hizo KB 64:

`unsigned char far *bafa = (unsigned char far *) farmalloc(64000UL);`

Kagua NULL hapo hapo, wala usiahirishe. DOS haikulindi: NULL ni anwani 0000:0000, na baiti 1,024 za mwanzo ndizo jedwali la interapti (anwani za msimbo unaoitwa na vifaa kama kibodi na saa). Ukizipaka rangi mashine inaganda, nawe utapoteza muda ukitafuta kosa kwenye msimbo wa kuchora ambao hauna tatizo lolote.

Pikseli huandikwa hivi: `bafa[y * 320u + x] = rangi;`. Hiyo herufi u ina kazi. `int` ya Turbo C ni ya biti 16 na inaishia 32,767, ilhali mstari wa 103 unaanzia 32,960.

Kuna kosa jingine ambalo huibuka pale tu unapohamia kwenye bafa. Segimenti ya A000, yaani memori ya video, ina baiti 65,536, yaani 1,536 zaidi ya zinazoonekana, hivyo spraiti (picha ndogo inayosogezwa kwenye skrini) iliyovuka kidogo ukingo wa chini haidhuru kitu. Kwenye hipu, baada ya baiti yako ya mwisho huenda kuna taarifa ambazo hipu yenyewe huzitumia kujisimamia. Ukiziharibu, programu inaweza kuanguka baadaye sana, hata kwenye `farfree`. Kata spraiti mipakani kabla ya kuichora. Na x ikiwa hasi, kipande kitatokea mwisho wa mstari wa juu yake.

Kunakili, kwenye modeli ndogo `memcpy` haipokei pointa za far (zenye segimenti na ofseti). Tumia hii:

`movedata(FP_SEG(bafa), FP_OFF(bafa), 0xA000, 0, 64000u);`

Kabla yake subiri monita irudi juu:

`while (inportb(0x3DA) & 8);`
`while (!(inportb(0x3DA) & 8));`

Mizunguko yote miwili inahitajika. Wa pili peke yake unaweza kukukuta muda wa kurudi unakaribia kwisha, na picha itakatika katikati. Skrini huchorwa mara 70 kwa sekunde, kama milisekunde 14 kila fremu. Kwenye kadi za ISA (aina ya zamani, ya polepole) baiti 64,000 ni mzigo mzito, kwa hiyo nakili sehemu zilizobadilika tu: mraba wa 32 kwa 32 ni baiti 1,024. Usisahau kunakili pia mahali spraiti ilipotoka, la sivyo itaacha mkia.

Kwenye DJGPP, kompaila ya C ya biti 32 ya DOS, mambo ni mepesi. `malloc` ya kawaida inatosha, na kunakili ni `dosmemput(bafa, 64000, 0xA0000);`. Hesabu sufuri vizuri: hapa ni anwani kamili, si namba ya segimenti, kwa hiyo ni nne baada ya A.