Kwa nini Android mpya inachelewa kufika kwenye simu yako

Mkuu, umeuliza kwa nini Google wakishatoa Android mpya simu yako inakaa miezi bila kuona kitu, wakati mwenye iPhone anapata mfumo wake mpya, iOS, siku ileile unapotoka. Kazi yangu ni kuflashi simu, yaani kuziwekea mfumo upya kwa kompyuta, na kutengeneza programu zake, nitakueleza ninavyoiona nikiwa mezani.

Kwa iPhone, Apple ndiye anayetengeneza simu, anabuni chipu (ubongo wa simu) na kuandika iOS. Hana wa kumsubiri.

Android safari yake ni ndefu. Google wanachotoa ni msimbo wa mfumo, yaani maandishi ya programu, na msimbo huo haujui kamera ya simu yako wala modemu yake, kile kifaa cha kushika mtandao. Anayejua ni mwenye chipu, yaani kampuni iliyoibuni, mfano Qualcomm au MediaTek, na ni lazima aandae upya draiva zake (programu zinazounganisha mfumo na vifaa vya ndani ya simu) ziendane na toleo jipya. Watu wengi wanailaumu kampuni yenye jina lake mgongoni mwa simu, ila mara nyingi mambo yamekwama hapa. Mwenye chipu faida yake iko kwenye chipu mpya; ya zamani akiiacha, mtengenezaji wa simu anabaki hana pa kushika. Mfano ni Fairphone 2, simu ya kampuni ya Fairphone: ilitoka mwaka 2015 ikiwa na Snapdragon 801, chipu ambayo Qualcomm waliacha kuihudumia. Fairphone wakaifanya kazi hiyo wenyewe na kuifikishia Android 9 mwaka 2021, wakati Android 9 yenyewe ilitoka 2018. Kwa hiyo inawezekana, ila ni jasho.

Baada ya hapo mtengenezaji anaongeza muonekano wake na programu zake, anapita kwenye majaribio ya Google, na kama simu iliuzwa kupitia kampuni ya mtandao, nao wanataka kuijaribu. Nimewahi kuwa na simu mbili mezani, modeli moja, hata rangi moja. Moja imeshapata toleo jipya, nyingine inasema mfumo uko sawa, hakuna kipya. Tofauti ilikuwa msimbo wa eneo tu, ile alama ndani ya simu inayoonyesha ilitengenezwa kwa soko gani: hii ya pili iliuzwa na kampuni ya mtandao. Mwenye nayo alikuwa ameshafuta picha zake zote akidhani ni virusi. Iliniuma sana, maana hakuna sehemu yoyote kwenye skrini iliyomweleza ukweli.

Google wamejaribu kupunguza tatizo. Mwaka 2017, kwenye Android 8, walileta Treble, inayotenganisha mfumo na sehemu ya mwenye chipu. Mwaka 2019, kwenye Android 10, ikaja Mainline, inayoruhusu baadhi ya vipande vya mfumo kusasishwa kupitia Google Play bila kumsubiri mtengenezaji. Imesaidia kweli, lakini draiva bado ziko palepale.

Mimi namba ya toleo hainisumbui sana. Fungua Mipangilio, Kuhusu simu, halafu angalia tarehe ya sasisho la usalama. Simu yenye Android ya zamani kidogo lakini tarehe ya karibuni ni salama kuliko yenye namba kubwa iliyotelekezwa. Na tafadhali usiflashi faili la mfumo la eneo lingine ili kuwahi toleo jipya. Nimepokea simu nyingi zilizopoteza mtandao kwa njia hiyo. Niandikie modeli kamili pamoja na tarehe uliyoiona, nikuangalizie chipu yake kama bado inahudumiwa.