Unakesha na vitabu, asubuhi kichwani hamna kitu

Dada, umesema unakesha ukisoma huko Kayole, lakini mtihani ukifika kila kitu kimeyeyuka. Pole. Sidhani akili yako ina kasoro. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye mwenyewe, akachapisha matokeo 1885: mengi hutoroka mapema, kisha kasi ya kusahau hupungua. Usingizi nao hukaza kumbukumbu, nawe ndio unaoukata!

Mimi, matatu ikikwama Jogoo Road, nilifunga daftari, kidole ndani ya ukurasa, nikajiuliza nimeshika nini. Nikikwama, nachungulia. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Kupitisha macho tu ni kujidanganya.

Ila ukianza kupotea njia unazozijua, au usahaulifu ukiandamana na huzuni isiyokwisha, muone daktari.