Maswali ya wasomaji: Dakika 45 za usaili wa programu

Shikamooni wataalamu. Nimefanya mazoezi ya maswali zaidi ya 200. Usaili wa mwisho nilipewa orodha ya miamala, nitafute miwili ambayo jumla yake ni 10,000. Nilitulia, nikafikiri, nikaandika, jibu likatoka sahihi. Wamenikataa. Wanataka nini? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Kilichokuangusha huenda ni huko kutulia. Msaili akishakata simu anaandika ripoti, na ripoti hujazwa kwa alichokisikia. Ukikaa kimya dakika 15 hana cha kuandika.

Kabla hujagusa kibodi, uliza. Orodha imepangwa? Kuna namba hasi, yaani pesa zilizorudishwa? Jozi ikikosekana nirudishe nini? Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Kisha taja njia ya kizembe: kila muamala ulinganishwe na mingine yote. Piga hesabu kwa sauti: miamala 100,000 inazaa jozi karibu bilioni 5. Hapo ndipo unapoleta njia ya haraka: pita orodha mara moja, na kila ukifika kwenye muamala angalia kama kiasi kinachopungua kufikia 10,000 umeshakutana nacho. Ulivyokutana navyo vitunze kwenye dikshonari, yaani hifadhi inayokuambia papo hapo kama kitu kimo, kama ile ya lugha ya programu ya Python. Inakula kumbukumbu ya kompyuta, na hilo nalo liseme.

Mtego uko hapa. Wengi huijaza dikshonari yote kwanza, ndipo waanze kutafuta. Chukua orodha hii: 4,500, 5,000, 3,000. Programu ikifika kwenye 5,000 inatafuta mwenzake wa 5,000, inajikuta yenyewe, inatangaza jozi ambayo haipo. Tafuta kwanza, ndipo uingize. Fanya hivyo kwa kila muamala, ukipita orodha mara moja tu.

Ukimaliza, usikimbilie kusema umemaliza. Ipitishe orodha hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari. Kisha orodha tupu. Kisha 5,000 na 5,000, ambayo safari hii jozi ipo kweli. Kampuni nyingine hukupa ukurasa mtupu wa kuandikia, hauna kitufe cha kuendesha programu, na macho yako ndiyo kompyuta.

Maswali 200 yanatosha. Chukua 20 kati yake uyarudie kwa sauti, saa ikihesabu, simu ikirekodi. Kujisikiliza kunaudhi, lakini vumilia.

Nina usaili na kampuni ya San Francisco saa 10:00 asubuhi ya kwao, katikati ya Machi. Hapa Nairobi itakuwa saa ngapi? (Msomaji, Nairobi)

Inategemea ni kabla au baada ya Jumapili ya pili ya mwezi huo. Siku hiyo Wamarekani husogeza saa mbele, sisi hatusogezi. Kabla yake ni saa 3 usiku kwetu. Baada yake ni saa 2, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukiwajibu kwa barua pepe andika 21:00 au 20:00 na utaje Nairobi. Usiwaandikie "saa 3": watakungoja alasiri.

Nimeajiriwa mwezi uliopita. Nimetuma mabadiliko ya mistari 1,200 ya programu yapitiwe, siku ya 6 leo hakuna aliyeyagusa. Nimkumbushe kiongozi wa timu? (Msomaji, Arusha)

Mkumbushe, ila hatayasoma. Mistari 1,200 ni kazi ya nusu siku kwa msomaji makini. Asiye makini ataidhinisha bila kuangalia, na hiyo ni mbaya zaidi.

Yakate vipande vya mistari isiyozidi 200 hivi. Tuseme unaongeza namba ya simu kwenye taarifa za mteja. Kipande cha kwanza kibadilishe majina yaliyotumika ndani ya programu na kupanga upya faili tu, programu ifanye kazi vilevile. Cha pili kiongeze safu mpya kwenye hifadhidata, iruhusiwe kuwa tupu, maana wateja wa zamani hawana namba. Cha tatu ndicho kianze kuandika namba humo. Mfuatano huu usiuguse: cha tatu kikitangulia kwenye seva, kila mteja anayehifadhi taarifa zake anapata hitilafu, kwa kuwa programu inaandika kwenye safu ambayo bado haijaumbwa.

Kwenye maelezo ya kila kipande andika ulivyokijaribu, na kinachofuata ni kipi. Vya kwanza viwili mtu anaweza kuvimaliza kabla chai haijapoa.