Badgiri kwenye nyumba ya Kange: kazi yake, na kama unaihitaji

Mkuu, nimekuelewa hivi: mchoraji amekuwekea mnara juu ya sebule kwenye ramani ya nyumba yako ya Kange, akauandika "badgiri", na unataka kujua ni kitu gani na kama uujenge au uufute. Mimi ni fundi, kazi zangu nyingi ni humu humu Tanga, nitajibu kwa ninayoyaona kazini.

Badgiri ni mnara wa kunasa upepo. Unatokeza juu ya paa ukiwa na midomo mirefu ubavuni, na ndani umegawanywa kwa kuta nyembamba kutoka juu mpaka chini. Upepo ukigonga upande mmoja unashuka chumbani. Upande ulioupa upepo kisogo unavuta hewa yenye joto na kuitoa nje. Siku ya shwari, hewa ya moto inapanda yenyewe humo humo. Asili yake ni Iran. Mji wa Yazd, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017, umejaa minara hiyo, na ule wa bustani ya Dowlatabad una zaidi ya mita 33. Wamisri wana wa kwao unaoitwa malqaf, wenye mdomo mmoja unaoangalia kaskazini, maana upepo wao mzuri unatoka huko. Wafanyabiashara wa Kiirani waliupeleka Dubai, na mtaa wa kale wa Al Fahidi bado unayo, yenye midomo pande zote nne.

Tatizo ni kwamba watu wakiona picha za Yazd wanadhani mnara ndio unaoleta baridi. Yazd ni jangwa. Hewa ni kavu, usiku unapoa kwelikweli, na kuta nene za udongo zinautunza ubaridi ule mpaka mchana. Tena mara nyingine hewa inayoshuka inapitishwa juu ya maji, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Sisi hewa yetu imeshashiba maji tangu baharini. Weka birika chini ya mnara hapa Tanga, utavuna ukungu ukutani na mbu. Kinachotupoza sisi ni hewa inayotembea mwilini ikakausha jasho.

La pili ni nafasi. Yazd, hata Dubai ya kale, nyumba zimebanana na upepo unapita juu ya mapaa, kwa hiyo inabidi uufuate huko huko. Kange bado kuna nafasi kati ya nyumba na nyumba, upepo unakufikia dirishani. Ungekuwa unajenga Ngamiani, ukuta kwa ukuta na jirani, ningekuambia tuukalie kikao huo mnara. Halafu fikiria mvua ya masika inayokuja ya kulala, na popo. Aliyewahi kukaa na popo darini hahitaji maelezo.

Sisemi mchoraji wako hajui kazi. Kwa ulivyoeleza, sebule iko katikati na ina madirisha upande mmoja tu, kwa hiyo ameona kweli kuwa hewa ikiingia haina pa kutokea. Ugonjwa ameupata, nabishana naye kwenye dawa.

Upepo haupiti vizuri kwenye chumba kisicho na njia ya kutokea, hata dirisha liwe kubwa vipi. Nyumba nyingi tunazojenga siku hizi zina madirisha ya alumini ya kusukuma pembeni, ambayo ukiyafungua unapata nusu tu ya tundu. Nusu hiyo ina wavu wa mbu unaopunguza tena upepo. Mlango wa chumba umefungwa, juu kuna jipsamu iliyozibwa kila kona, na juu ya jipsamu bati linachemka. Mwenye nyumba analalamika kwamba upepo wa Tanga siku hizi umeisha! Nikiitwa kwenye nyumba ya namna hiyo naomba udi. Nauwasha karibu na dirisha, natazama moshi. Ukizunguka hapo hapo, najua ni tundu la kutokea linalokosekana. Nikifungua mlango wa pili, moshi unalala na kukimbia.

Wazee walilijua hili. Angalia nyumba za zamani za Ngamiani: barazani unaingia ukumbi ulionyooka mpaka uani, vyumba huku na huku, na nyingi kuta za ndani hazikufika paani. Siri zilikuwa chache, nakubali, lakini watu walilala bila feni.

Kwenye ramani yako ningefanya hivi. Kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki, na kusi inatoka kusini mashariki, kwa hiyo zote zinaingia kwa mshazari. Jua nalo kwetu linapita juu sana mchana, hivyo upenu mpana unatosha kuzikinga kuta hizo. Linalochoma ni la magharibi jioni. Sebule ifungue kuta mbili zinazotazamana, na tundu la kutokea lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Dari ikiwa mita 3, hewa inaweza kuvuka kama mita 15 kutoka dirisha hadi dirisha, lakini chumba chenye dirisha upande mmoja kisizidi mita 6 au 7 kwenda ndani. Chumba kisichoweza kupata ukuta wa pili wa nje, acha tundu juu ya mlango hewa itokee ukumbini. Tumia madirisha ya luva au ya kufunguka kama mlango. Na usisahau paa: matundu yenye wavu mgumu chini ya upenu, mengine juu kwenye pembe tatu ya ukuta, ili joto la bati litoke kabla halijashuka darini.

Ukishayafanya hayo na bado unautaka mnara kwa ajili ya sura, jenga, ni pesa yako. Ila mwambie fundi aweke vifuniko vya kufunga wakati wa mvua na wavu mdomoni.

Tupia ramani hapa na useme mbele ya nyumba inaangalia wapi, maana usipotaja hilo hata haya niliyosema ni ya kubahatisha nusu.