Kwa nini gari la simuleta linateleza bila dalili

Ndugu, umeuliza kwa nini gari lako kwenye Assetto Corsa, mchezo wa kompyuta wa kuiga mbio za magari, kwa usukani wa mezani wa Logitech G29, linaserereka ghafla wakati gari la barabarani hutoa tahadhari kwanza. Kwenye gari la kweli kiti ndicho mpasha habari: tairi za nyuma zikianza kuteleza, kiuno kinajua kabla ya mikono. Kwenye simuleta umebaki na macho, masikio na usukani tu.

Anza na macho. Upana wa mtazamo ukizidi, gari likikengeuka kidogo hulioni. Kama skrini ni ya inchi 27 na umekaa sentimita 60 mbele yake, weka mtazamo wa takriban nyuzi 31 za wima. Utajiona kama unachungulia tundu la ufunguo. Vumilia siku chache.

Kisha fungua kidirisha cha pedali humo mchezoni. Mstari wa nguvu ambayo usukani hurudisha mikononi ukiwa mwekundu kila kona, mota ya usukani imefika kikomo na minong'ono ya tairi inapotea. Punguza nguvu hadi wekundu utokee kwenye matuta tu.

Breki ndiyo balaa. Pedali ya G29 hupima umbali inaoshuka. Kwenye gari la kweli mguu hupima nguvu. Ndiyo maana unakanyaga kupita kiasi na magurudumu yanajifunga, yaani yanaacha kuzunguka. Ukipata hela, nunua pedali inayopima mgandamizo kabla ya kuota usukani wa bei mbaya.

Mistari ya kona na sehemu za kuanzia breki huhamia barabarani vizuri: Jann Mardenborough alishinda GT Academy, shindano la kugeuza wachezaji wa michezo ya video kuwa madereva wa mbio, mwaka 2011, na 2013 akashiriki Le Mans, mbio za kweli za saa 24 huko Ufaransa. Joto, shingo kuvutwa na hofu ya ukuta, hivyo mezani hupati.